Kuta Ndani ya Seva Moja

Katikati ya miaka ya 1960, katika chuo cha MIT huko Marekani, watumiaji wa kompyuta iliyoendeshwa na mfumo wa CTSS walianza kupokea kitu cha ajabu. Kila aliyeingia kwenye mfumo, badala ya kuchapishiwa tangazo la siku, alichapishiwa orodha nzima ya maneno ya siri ya wenzake. Hakukuwa na mdukuzi. Programu ya kuhariri faili ilikuwa na faili moja ya muda, yenye jina lilelile siku zote, na siku hiyo wasimamizi wawili waliitumia kwa pamoja: mmoja akiandika tangazo, mwingine akirekebisha orodha ya siri. Kazi zao zikabadilishana. Fernando Corbató, aliyeuongoza mradi huo, alikisimulia kisa hiki mwenyewe katika hotuba yake ya Tuzo ya Turing.

Naanza na kisa hiki kwa kuwa ndani yake kuna karibu kila kilichotokea baadaye kwenye seva za tovuti. Kila mtu alikuwa na akaunti yake na neno lake la siri, lakini siri zilivujia mahali palipotumiwa na wote.

Mfumo endeshi wa Unix, uliozaliwa mwaka 1969 katika maabara za Bell, ulikuja na utaratibu tunaoutumia hadi leo: kila faili ina mwenyewe, ina kundi lake, na ina ruhusa kwa watu wengine wote. Mwaka 1979 toleo la saba likaongeza amri ya chroot, inayoifanya programu iione folda moja kana kwamba ndiyo diski nzima. Haikubuniwa kuwa ngome, ingawa wengi walikuja kuitegemea hivyo.

Kisha mtandao ukawafikia watu wa kawaida. Mwanzoni kila tovuti ilihitaji anwani yake ya IP, kwa sababu kivinjari hakikuwa kikiiambia seva jina la tovuti kinayoitafuta. Kanuni za HTTP 1.1 za mwaka 1997 zikakilazimisha kivinjari kulitaja jina hilo, na mamia ya tovuti yakaweza kukaa kwenye mashine moja yenye anwani moja. Bei zikashuka. Shule, kwaya na duka la mtaani vikapata nafasi pale ambapo awali ni mashirika makubwa tu yaliyomudu. Ni jambo jema mno, na wanaowabeza wateja wa seva za bei nafuu husahau hilo.

Tatizo ni kwamba nyumba hii ya kupanga ilikuwa na ufunguo mmoja kwa vyumba vyote. Apache, programu ya seva iliyotoka mwaka 1995, ilizihudumia tovuti zote kwa akaunti moja, na PHP, lugha ya kuandikia tovuti, ikafanya kazi ndani yake kwa akaunti hiyohiyo. Ili tovuti yako ifunguke, ilibidi akaunti hiyo iweze kusoma faili zako, ikiwemo ile yenye neno la siri la hifadhidata. Basi msimbo wa jirani, unaotumia akaunti ileile, nao uliweza kuisoma.

Hata asiyegusa faili zako alikuwa na njia nyingine. Unapoingia kwenye tovuti ya PHP, seva hutunza kumbukumbu za kikao chako katika faili ambalo jina lake huanza na sess_ na kufuatiwa na herufi na tarakimu nyingi. Kwa kawaida mafaili hayo yalilala katika /tmp, folda ya muda ya mashine nzima. Jirani mwenye nia mbaya aliorodhesha folda hiyo, akachukua zile herufi, akazibandika kwenye kidakuzi cha kivinjari chake, na tovuti ikampokea kana kwamba yeye ndiye mwenye kikao. Neno la siri hakulihitaji.

Tiba zilikuja moja moja. Apache 1.2 ilileta suEXEC, iliyoendesha programu kwa akaunti ya mwenye tovuti, lakini PHP iliyokaa ndani ya Apache haikuguswa. PHP nayo ikaweka safe_mode, iliyokagua mwenye faili kabla ya kulifungua. Naiona kuwa tumaini la uongo kwa wateja wengi: ukuta haujengwi ndani ya lugha moja wakati hati ya lugha ya Perl kwenye seva hiyohiyo haiulizwi lolote. Iliondolewa mwaka 2012.

Aliyeshika jambo kwenye mzizi wake ni Poul-Henning Kamp wa Denmark. Biashara moja ya kukodisha seva ilimlipa kwa sababu ilitaka wateja wake watenganishwe, na mfumo endeshi wa FreeBSD 4.0 wa Machi 2000 ukatoka na jail: kila mteja ana faili zake, anwani yake na hata msimamizi wake mkuu, asiye na nguvu nje ya mipaka hiyo. Linux ilifika huko polepole, kwa vipande vilivyoanza mwaka 2002 na kufungashwa na programu ya Docker mwaka 2013. Kwa tovuti ndogo, PHP-FPM iliyoingizwa rasmi ndani ya PHP mwaka 2010 ilitosha kuipa kila moja akaunti yake.

Hata hivyo, siri ziliendelea kuvuja mahali pa pamoja. Februari 2017 Tavis Ormandy wa Google aligundua kuwa seva za Cloudflare, zilizopitisha kurasa za tovuti nyingi mno, zilikuwa zikimwaga vipande vya kumbukumbu za tovuti moja ndani ya kurasa za nyingine. Januari 2018 dosari iitwayo Spectre ikaonyesha kwamba hata kichakataji chenyewe huacha alama: programu inaweza kubashiri data za jirani kwa kupima tu muda ambao kusoma kumbukumbu kunachukua.

Ndiyo maana Cloudflare, inayoendesha misimbo ya wateja wengi ndani ya mchakato mmoja katika huduma yake ya Workers, imeisimamisha saa. Msimbo ukiendelea kukokotoa, kila ukiuliza wakati hupewa jibu lilelile, mpaka utakapotuma au kupokea kitu kutoka nje.