Amplifaya ya Williamson na Kanuni ya Kutengeneza Mitambo ya Kale

Mitambo ya sauti iliyotumia vali, yaani vichupa vya kioo vilivyotolewa hewa, ilitupwa kwa wingi katika miaka ya 1960 na 1970 ili kuipisha mitambo ya transista. Siku hizi yatafutwa tena na kununuliwa kwa bei kubwa. Katika makala haya nakusudia kuonyesha ya kuwa kuitengeneza ni kazi ya mwanahistoria kama ilivyo kazi ya fundi.

John Ambrose Fleming wa Uingereza alitengeneza vali mwaka wa 1904. Naye Lee de Forest wa Marekani aliitia kiungo cha tatu mwaka wa 1906, na kwa kiungo hicho vali ikapata uwezo wa kukuza mkondo dhaifu. Hata mwezi wa Aprili na Mei 1947, D. T. N. Williamson alichapisha katika jarida la Wireless World mchoro wa amplifaya ya wati 15, yenye vali mbili za KT66 mwishoni. Wapenzi wengi wa muziki wakaufuata mchoro huo na kujiundia mitambo majumbani. Agosti 1949 Williamson alitoa toleo jipya lenye masahihisho. Na mwaka huohuo Wamarekani waliurekebisha mchoro ufae kwa vali zao za 807.

Wasomaji waliozoea miswada wataitambua hali hii: asili moja, matoleo mawili, na nakala nyingi zenye kutofautiana.

Kapasita za karatasi zilizomo humo huzeeka na kuvujisha umeme. Umeme huo ukizifikia vali za mwisho, vali hupitisha mkondo kupita kiasi, hata transfoma ikaungua, nayo ni shida kuipata nyingine. Kwa hiyo yampasa mnunuzi aipime transfoma kwanza, wala asiuwashe mtambo kabla ya kupima kapasita. Tena akumbuke kuwa mamia ya volti huweza kubaki ndani hata baada ya kuuchomoa.

Kapasita mbovu hapana budi ziondolewe. Juu ya hilo hapana ubishi. Ubishi uko katika mengine. Fundi akikuta kiungo kisicholingana na mchoro wa 1949, hukitoa akidhani ni kosa. Lakini huenda mjenzi aliufuata mchoro wa 1947, au alitumia alichokipata katika Uingereza ya baada ya vita. Kukiondoa kimyakimya ni kufuta ushahidi, sawa na mhariri abadilishaye neno asilolifahamu bila kuonyesha alilolikuta. Wako pia wafichao kapasita mpya ndani ya gamba la ile kuukuu, ili mtambo uonekane haukuguswa. Hila hiyo haiidhuru sauti, bali humdanganya mnunuzi na mtafiti atakayekuja baadaye.

Basi, kibadilishwe kile tu kilichoharibika au chenye hatari. Kilichotolewa kitiwe katika bahasha na kuwekwa pamoja na mtambo, na tarehe na sababu ziandikwe. Tusipofanya hivyo, tutabaki na mitambo yenye kulia vizuri, wala hatutaweza kujua iliundwa kwa kufuata mchoro upi.