Unamlenga Nani?

Juma hili nataka tuzungumze habari za bunduki, na kabla hujapunguza sauti ya redio yako nikuhakikishie kwamba mimi si mtu wa bunduki. Nilimaliza kidato cha sita mwaka 1999, miaka mitano baada ya serikali kusimamisha mafunzo ya lazima ya Jeshi la Kujenga Taifa, kwa hiyo kizazi changu hakikujua kwata wala handaki. Tulitoka darasani tukaingia mitaani na mikono laini. Somo langu la kwanza la kulenga shabaha, na hadi leo ndilo la pekee, nililipata ugenini, nililipia fedha, na lilifanyika ndani ya nyumba yenye kiyoyozi.

Ilikuwa mwaka 2014, mjini Johannesburg, nilipokwenda kwa kozi fupi ya utangazaji. Jumamosi moja wenyeji wetu wakatupeleka mahali ambapo watu hufundishwa kupiga bastola. Ukipita kwa nje usingedhani. Juu ni maduka, unashuka ngazi, unakuta chumba kirefu kama kichochoro, kimegawanywa vijinjia, na mwishoni mwa kila kijinjia inaning'inia karatasi yenye kivuli cha mtu. Unavaa miwani ya plastiki na vizibo vya masikio. Mwalimu wetu, bwana mmoja mwenye kifua kipana aliyewahi kuwa polisi, alitueleza mambo manne kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuyasema mara elfu: kila silaha ihesabu kuwa ina risasi, usimwelekezee mtutu usiyekusudia kumuumiza, kidole kikae nje ya triga mpaka uwe umeshalenga, na ujue kilicho nyuma ya shabaha yako.

Nilidhani bastola, kwa kuwa ni ndogo, itakuwa rahisi kuliko bunduki. Kumbe sivyo. Bunduki ina kitako cha kuegemeza begani na mtutu mrefu. Bastola huna pa kuiegemeza ila mikono yako miwili, na umbali kati ya kijino cha nyuma na kijino cha mbele unapolengea ni kama shibiri moja tu. Mkono ukitikisika kwa upana wa punje ya mchele, risasi inakosa kwa upana wa kiganja. Halafu kuna mlio. Mwili unauogopa kabla haujatoka, basi kidole kinaikwapua triga, na mtutu unainama. "Usiivute," bwana yule akaniambia, "ibane taratibu mpaka mlio ukushtue mwenyewe." Nilipiga risasi kumi kwa umbali wa mita saba. Mbili ziligusa karatasi, na moja kati ya hizo ilipita kwenye kona, mbali na kile kivuli. Wakanikunjia karatasi yangu nikarudi nayo nyumbani kwa majivuno, utadhani ni stashahada ya pili. Mama watoto akakataa isitundikwe sebuleni. Ikaenda kulala sandukuni.

Ilikuja kutoka sandukuni miaka sita baadaye. Katikati ya Oktoba 2020 watu wenye silaha walivuka Mto Ruvuma kutoka Cabo Delgado wakashambulia kijiji cha Kitaya, huku kwetu Mtwara. Watu waliuawa, nyumba zikachomwa. Mjomba wangu, ndugu wa mama yangu, anaishi kijiji kisicho mbali na hapo. Alifika kwangu Naliendele siku ya tatu, na mkongojo wake, na mfuko mmoja wa rambo. Mjomba ana mguu mmoja. Katika ukoo wetu mjomba ndiye mzee, ndiye mwenye neno, kwa hiyo nilimpa chumba changu, nami nikahamia kwa watoto.

Watoto nao, katika kumtafutia shuka, wakaifukua ile karatasi. Mjomba akaikunjua juu ya magoti, akaiangalia kwa muda mrefu.

"Huyu ni nani?" akauliza.

"Si mtu, mjomba. Ni picha tu ya kujifunzia."

"Nimeona kuwa ni picha. Nauliza, ulikuwa unafundishwa kumlenga nani?"

Sikuwa na jibu. Nimekuwa nikilitafuta tangu siku ile, na ndiyo maana leo ninakuchosha na historia.

Huku kusini swali hilo ni la zamani. Katika miaka ya 1890 uwanda wa Makonde ulikuwa na magobore tele, yaliyoingia kwa biashara ya pwani pamoja na baruti yake. Machemba, mtawala wa Wayao, alimwandikia Mjerumani von Wissmann mwaka 1890 barua kwa Kiswahili akikataa katakata kwenda kumwangukia. Alijua anamlenga nani. Vita na mapatano vikapokezana karibu miaka kumi, mpaka mwaka 1899 alipovuka kwenda upande wa Wareno. Waliomfukuza walikuwa askari weusi chini ya maofisa weupe. Wissmann alianza mwaka 1889 kwa kuajiri Wasudani na wengineo kutoka mbali, kisha wenyeji nao wakajiunga. Askari wa namna hiyo haulizwi anamlenga nani. Anaonyeshwa.

Tena hata silaha yenyewe ilikuwa na daraja. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914, askari wengi wa Mjerumani walikuwa bado na bunduki za mtindo wa mwaka 1871, zenye baruti ya moshi. Ukipiga mara moja, wingu jeupe linasimama juu ya kichwa chako na adui anajua ulipolala. Tarehe 25 Novemba 1917 jeshi la von Lettow-Vorbeck lilivuka Ruvuma na kuipiga ngome ya Wareno pale Ngomano, mto Lugenda unapokutana na Ruvuma, na huko ndiko walikopata bunduki mpya na risasi nyingi. Mto huu umevukwa na watu wenye silaha mara nyingi kuliko tunavyopenda kukumbuka.

Tulipopata uhuru tulirithi jeshi la Mwingereza, na maofisa wake wakiwa Waingereza. Tarehe 20 Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles wa kambi ya Colito, Dar es Salaam, waliasi wakidai mishahara na maofisa Waafrika. Siku tano baadaye Mwalimu Nyerere, kwa uchungu alioueleza mwenyewe hadharani, ilimbidi awaite Waingereza wawanyang'anye silaha askari wake. Jeshi lile likavunjwa. Jeshi la Wananchi likazaliwa tarehe 1 Septemba 1964, na vijana wake wengi wa mwanzo walitoka katika Umoja wa Vijana wa TANU na Jeshi la Kujenga Taifa, lililokuwa limeanzishwa mwaka 1963. Kwa hakika hapo ndipo lilipoanza wazo kwamba anayejua kutumia bunduki asiwe mtu wa pembeni, awe mwananchi mwenye kadi na jembe. Si wote walilipenda. Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu waliandamana kupinga kwenda JKT kwa lazima, na karibu 400 wakarudishwa makwao. Mimi, nikiwa nimeponea chupuchupu jambo lile lile, siwezi kuwacheka.

Wazo likashuka mpaka vijijini. Novemba 1970 Wareno waliivamia Guinea kutoka baharini, Januari 1971 Idi Amin akapindua serikali Uganda, na mwezi uliofuata Mwongozo wa TANU ukatoka, ukiagiza wananchi wafundishwe ulinzi. Ndiyo mgambo. Kwa watu wa mikoa mingine huenda lilikuwa jambo la kuimba na kukimbia mchakamchaka. Kwa watu wa Ruvuma lilikuwa jambo la kulala na kuamka. FRELIMO walikuwa wameanza vita tarehe 25 Septemba 1964 pale Chai, ng'ambo ya mto. Wapiganaji wao walifundishwa Kongwa na Nachingwea, na kambi ya Nachingwea iliota katika ardhi ya ule mradi wa karanga wa Waingereza, ambao ulituachia Mtwara bandari na reli iliyong'olewa baadaye. Wareno walijibu kwa kutega mabomu ardhini upande wetu na kutuma ndege.

Mjomba alijiunga na mgambo mwaka 1972, akiwa na miaka ishirini na miwili. Alinisimulia hayo barazani hapa Naliendele, jioni baada ya jioni, huku akimenya mihogo. Wiki za mwanzo walibeba bunduki za mbao walizochonga wenyewe, na kwa Wamakonde kuchonga si tatizo. Zingine, anasema, zilikuwa nzuri kuliko za kweli. Zilipofika za kweli walizifungua na kuzifunga mpaka mtu akaweza gizani. Siku ya shabaha walipelekwa kwenye kingo ya korongo, wakalala kifudifudi. Kila mtu risasi tatu.

"Tatu tu, mjomba?"

"Tatu. Na maganda matatu unarudisha."

Kijana mmoja alipoteza ganda moja. Kundi zima likatambaa kwenye majani mpaka jua likazama, wakalipata kwenye mkunjo wa suruali yake. Mjomba alicheka mpaka akakohoa. Mwalimu wao alikuwa sajenti mkali ambaye kabla ya kila mtu kufyatua alimwuliza kwa sauti, "Unamlenga nani?" Jibu lilikuwa moja, adui wa nchi yako, na ulipaswa kulitoa kwa kelele. Nilipotaja yale mambo manne ya Johannesburg, mjomba akaniambia hilo lilikuwa la tano kwao, ila lilitangulia mengine yote.

Risasi tatu zile ndizo pekee alizopiga maishani mwake. Mwaka 1973, asubuhi, akienda kukagua mitego ya samaki mtoni, si kwenye doria wala lindoni, alikanyaga bomu lililotegwa. Hakumwona aliyelitega. Juni 1975 Msumbiji ikapata uhuru, na mjomba anasema siku ile alicheza ngoma kwa mkongojo.

Mengine unayajua. Amin alipovamia Kagera mwishoni mwa 1978, maelfu ya wanamgambo waliingizwa jeshini, na Aprili 1979 walikuwa Kampala. Vita vikaisha, lakini baadhi ya silaha hazikurudi ghalani, tukaanza kuzisikia kwenye unyang'anyi wa barabarani. Kati ya 1986 na 1988 askari wetu walikuwa tena Msumbiji, safari hii kuisaidia serikali ya FRELIMO dhidi ya RENAMO. Waliokufa huko wamelala hapa hapa Naliendele, katika makaburi ya mashujaa. Mimi hupita njia hiyo mara kwa mara nikienda kazini mjini, na nakiri kuwa siku nyingi sigeuzi hata shingo.

Halafu mwaka 2013. Januari na tena Mei, watu wa Mtwara waliandamana kuhusu gesi na lile bomba la kwenda Dar es Salaam. Kukatokea vurugu, mali zikateketea, watu wakafa, na wanajeshi wakaletwa mitaani. Nilikuwa mwandishi kijana mwenye kinasa sauti mkononi, nimejibanza nyuma ya ukuta wa duka, na mbele yangu alisimama askari, kijana kuliko mimi, bunduki yake ameielekeza ardhini. Alikuwa anatetemeka. Sikujua kwa nini niliyakumbuka macho yake mwaka uliofuata, chini ya yale maduka ya Johannesburg, mbele ya kivuli cha karatasi. Nadhani sasa najua. Mwalimu wa mjomba angemwuliza swali lake, na kijana yule asingekuwa na jibu la kupiga kelele.

Mjomba alikaa nasi miezi kadhaa. Machi 2021 mji wa Palma, ng'ambo ya mto, ukashambuliwa, na wakimbizi wakaja kwa maelfu kutafuta pa kuvukia. Alisikiliza taarifa zote za habari, zangu na za wenzangu. Siku moja akaomba ile karatasi. Akaomba na kalamu ya watoto. Nilidhani anataka kuandika jina juu ya kile kivuli, na nikaogopa kidogo ataandika lipi, kwa sababu wavulana waliokuwa wakitajwa katika habari zile, wa ng'ambo na wa huku pia, ni wajukuu wa watu aliocheza nao ngoma mwaka 1975. Akaigeuza. Nyuma, palipo peupe, akachora shamba lake: mikorosho iko wapi, mpaka uko wapi, kisima kiko wapi.

"Msimu ukikaribia nitarudi," akasema. "Nyasi chini ya mikorosho hazijifyeki."

"Na usalama, mjomba?"

"Jeshi lipo. Na vijana wa mgambo wapo, wameniambia. Muulize yule kijana wa kwenu anayeandika habari kama wanapewa risasi ngapi siku hizi."

Kijana huyo ni mimi. Alirudi Agosti 2021, kwa basi la asubuhi, na karatasi ameikunja kwenye mfuko wa shati.