Akademia ya Pili

Mwezi uliopita, kwenye ubao wa klabu yetu ya vijana hapa kambini, msichana mmoja aliandika shairi lenye neno "batoto". Mzee mmoja akachukua chaki nyekundu, akafuta B, akaweka W. Msichana hakusema kitu. Kesho yake yeye na wenzake wakaja na ubao wao. Tangu siku hiyo kila upande unaniuliza: wewe kiongozi wa vijana, ubao gani ndio wa kambi?

Kumbe kuna nchi nzima iliyowahi kuulizana hivyo. Montenegro, nchi ndogo ya Ulaya iliyokuwa ndani ya Yugoslavia, ilikuwa na Akademia ya Sayansi na Sanaa tangu miaka ya 1970. Mwishoni mwa miaka ya 1990 waandishi na wasomi fulani waliona nyumba ile inaegemea mno upande wa Serbia, haitetei lugha wala taifa la Wamontenegro. Wakajenga yao, Akademia ya Doclea, kwa jina la mji wa kale wa Kirumi ambao magofu yake yako karibu na Podgorica. Rais wake alikuwa mshairi Jevrem Brković.

Na huyu Brković, jamani, alijua ukimbizi. Vita vilipoanza mwaka 1991 alivipinga, ikabidi akimbilie Kroatia, akakaa huko miaka. Hata aliporudi hakupata amani. Oktoba 2006 alishambuliwa mjini Podgorica. Yeye alinusurika, dereva wake akauawa.

Mwaka huohuo wa 2006 wananchi walipiga kura ya kujitenga na Serbia. Ilitakiwa asilimia 55, ikapatikana 55.5. Katiba ya 2007 ikaitaja Kimontenegro kuwa lugha rasmi, na mwaka 2009 tahajia yake ikaongezwa herufi mbili, ś na ź. Herufi mbili tu! Lakini watu waligombana sana juu yake, kama sisi na B yetu. Mwaka 2015 akademia ya pili ikaunganishwa na ile ya kwanza.

Wengine watasema basi ilishindwa, maana haipo tena. Mimi naona iliingia ndani ikiwa na mambo yake yameshaandikwa kwenye katiba. Kama ingefutwa siku ya kwanza, ingeingia na nini?

Mzee wetu si mtu mbaya. Anaogopa mitihani ya watoto, na ana haki. Msichana naye anaandika alivyolelewa na mama yake, na ana haki vilevile. Siku moja labda watakaa ubao mmoja, lakini wakutane wote wakiwa wameshasema.

Ndugu zetu wa mashirika, fomu yenu ya kuomba chaki ina nafasi ya jina la kikundi kimoja. Msishangae mkiiona. Nimeandika mawili.