Noti ya Vasco da Gama na Hasara ya Mkono wa Mwisho

Jumatatu ya tarehe 7 Desemba 1925, watu walipanga foleni kwenye ofisi za Benki ya Ureno, kila mmoja na noti zake za escudo 500. Noti hiyo ilikuwa na sura ya Vasco da Gama, baharia yuleyule aliyetia nanga Malindi mwaka 1498. Kwa thamani ya wakati huo ilikaribia pauni 5 za Uingereza, si fedha ya mchezo. Habari zilikuwa zimeenea kwamba nchi nzima imejaa noti za ziada za aina hiyo, zilizochapwa kwa ulaghai. Nani anazo na nani hana? Hapakuwa na wa kujibu. Mabingwa wa benki wenyewe walishindwa kuzitenganisha na halali.

Kilichofuata ni nadra katika historia ya fedha. Benki ililipa. Mwenye noti ya Vasco da Gama aliyeipata kwa nia njema alibadilishiwa nyingine, na zoezi hilo likaendelea hadi tarehe 26 ya mwezi huo.

Kawaida mambo huwa kinyume. Tangu fedha ya karatasi ianze kuzunguka, desturi imekuwa moja karibu kila nchi: noti ikigundulika kuwa bandia, anayekutwa nayo ndiye anayekula hasara. Aliyempa kashaondoka, aliyempa huyo hajulikani, na mchapaji yuko mbali. Benki nayo hainunui karatasi isiyo yake. Kibiashara desturi hiyo ina mantiki, ila ina ubaya mmoja mkubwa: humshawishi aliyetapeliwa awe tapeli. Aliyeingizwa mkenge kwa noti moja ana njia mbili, ama aikabidhi na kumeza uchungu, ama asubiri giza liingie akamwachie muuza nyanya.

Waingereza waliuona ubaya huo kwa namna ya kikatili. Hadi karibu mwisho wa karne ya 18, noti za Benki ya Uingereza zilikuwa za wenye nazo. Ndogo kabisa ilikuwa ya pauni 5, na kibarua angeweza kuishi hadi kufa bila kuigusa. Februari 1797, katikati ya vita na Ufaransa, watu walikimbilia dhahabu na akiba ya benki ikapungua vibaya, hivyo serikali ikaamuru benki isimamishe kulipa dhahabu kwa wanaoleta noti. Biashara isikwame, zikatolewa noti za pauni 1 na pauni 2. Ilikuwa karatasi nyembamba iliyochapwa upande mmoja kwa wino mweusi: maandishi, namba, saini na kijipicha cha Britannia, nembo ya Uingereza, kwenye kona. Mchonga bamba mwenye mkono mzuri aliweza kuiiga, na wengi waliiiga, hasa Birmingham, mji uliojaa mafundi wa chuma.

Kwa hiyo karatasi ya thamani ikaingia kwa mara ya kwanza mikononi mwa watu ambao wengi wao hawakujua kusoma. Muuza mikate alipokea pauni 1 kwa mwanga wa mshumaa, akatoa chenji halali, na ilipofika benki ndipo akaambiwa ni ya kughushi. Mkate umekwenda, chenji imekwenda.

Dawa ya serikali ilikuwa kitanzi. Aliyeghushi noti, na aliyeitumia akijua ni bandia, wote wawili hukumu yao ilikuwa kifo. Sheria ya mwaka 1801 ikaongeza kwamba hata kukutwa nayo tu, kwa kujua na bila sababu halali, adhabu yake ni kuhamishwa miaka 14 ng'ambo, na wakati huo ng'ambo ilimaanisha Australia. Kati ya 1797 na 1821 watu zaidi ya 300 walinyongwa. Wachonga bamba walikuwa wachache miongoni mwao. Waliojaza viunzi vya kunyongea ni maskini wa mwisho kwenye mnyororo, wanawake wakiwemo, walionunua noti chache kwa bei ya kutupa na kwenda nazo dukani kuchukua kitu kidogo ili warudishiwe fedha halisi.

Mahakama ilithibitishaje kwamba mtu alijua? Wenye maduka walikuwa na utaratibu wao: kabla ya kuipokea noti, mteja aliulizwa jina na anwani yake, vikaandikwa kwenye noti yenyewe. Noti ikirudi, mwenye duka alijua pa kuanzia. Mteja aliyetaja nyumba isiyokuwepo alikuwa amejifunga mwenyewe, na aliyetaja jina lake la kweli alikuwa na pa kushika anapojitetea. Yule muuza mikate alikuwa na busara kuliko bunge.

Benki nayo ilipeleka mahakamani wakaguzi wake kuapa kwamba noti ni bandia, lakini walipoulizwa wanaitambua kwa alama gani walikataa kusema, eti ni siri ya kazi. Mwaka 1818 raia wanaokaa kwenye jopo la kuamua kesi London wakachoka na siri hiyo, wakaanza kuwaachia huru washtakiwa. Wanawake waliofungwa gereza la Newgate wakisubiri meli ya Australia, kwa upande wao, waliiandikia barua benki hiyohiyo iliyowashtaki, wakiomba msaada wa kulisha watoto wao gerezani, na benki ikawa inatoa kidogo. Barua hizo zimehifadhiwa hadi leo.

Mchoraji George Cruikshank aliwaona wanawake wakining'inia nje ya gereza hilo, akaenda nyumbani akachora noti ya dhihaka. Ilikuwa na safu ya watu walionyongwa mahali pa urembo, alama ya pauni iliyosokotwa kwa kamba, na saini ya mnyongaji badala ya keshia. Mwaka 1819 rafiki yake William Hone aliining'iniza dirishani mwa duka lake la vitabu, Ludgate Hill, na umati ukafurika barabarani. Miaka miwili baadaye benki ikarudi kulipa dhahabu, noti ndogo zikaondolewa kwenye mzunguko, na kesi zikapungua ghafla. Kitanzi kilikuwa kimefanya kazi zaidi ya miaka 20 bila kuwatisha waghushi. Kuondoa karatasi ile mbovu ndiko kulikowakata mikono.

Karne moja baadaye akatokea Artur Alves Reis, Mreno aliyejitengenezea shahada ya Oxford kutoka chuo ambacho hakijawahi kuwepo, akaenda nayo Angola na kupewa kazi ya uhandisi wa reli. Kwa cheki zisizo na fedha alijaribu kununua kampuni ya reli, akafungwa Porto mwaka 1924 kwa siku 54. Huko ndani hakupoteza muda. Alisoma jinsi Benki ya Ureno inavyotoa noti, akagundua kwamba hakuna anayekagua kwa makini kama namba zinajirudia.

Akaghushi mkataba badala ya kughushi noti. Mkataba ulisema Benki ya Ureno imeidhinisha noti zichapwe kwa ajili ya mkopo kwa koloni ya Angola. Washirika wake, akiwemo ndugu wa balozi wa Ureno nchini Uholanzi, waliupeleka London kwa Waterlow & Sons, wachapaji halisi wa noti ya Vasco da Gama. Sir William Waterlow aliombwa atunze siri, akaambiwa namba kujirudia si tatizo kwa sababu zitagongwa neno Angola baadaye. Februari 1925 noti 200,000 za kwanza zikatoka, na baadaye nyingine 380,000. Karatasi halisi, bamba halisi, wino halisi. Kwa fedha hiyo Reis akafungua benki yake na kuanza kununua hisa za Benki ya Ureno yenyewe, mlalamikaji pekee ambaye angeweza kumfikisha mahakamani.

Alinaswa kwa sababu benki yake ilitawanya fedha kuliko uwezo wake wa kueleza zimetoka wapi. Gazeti la O Século likaanza kuuliza maswali, na mwanzoni mwa Desemba wakaguzi wakaingia tawi la Porto. Mtaalamu alizipekua noti, akazikuta salama. Ilipofikiriwa kulinganisha namba, ndipo zikapatikana mbili mbili. Reis alikamatwa tarehe 6 Desemba akiwa melini, akirejea kutoka Angola.

Ugomvi mkubwa ulikuja baadaye, nao ulihusu mtu wa kawaida aliyekuwa kwenye ile foleni. Benki ya Ureno iliishtaki Waterlow London, ikitaka kurudishiwa thamani ya noti ilizobadilisha. Wachapaji wakajibu kwamba benki haikupoteza chochote zaidi ya gharama ya kuchapisha karatasi nyingine, maana noti yenyewe ni karatasi tu; na tena, nani aliyewalazimisha kuwalipa watu? Kesi ilipanda hadi Baraza la Malodi, na mwaka 1932 majaji watatu dhidi ya wawili wakaamua kwamba Waterlow ilipe pauni 610,392. Kwa maneno mengine, benki ilikuwa na haki ya kumlinda mpokeaji asiye na hatia, kwa sababu kumwacha kungeua imani ya umma kwa noti zote, bandia na halali. Sir William hakuishi kuisikia hukumu hiyo. Reis alitoka gerezani mwaka 1945.

Uamuzi wa Ureno ulisaidiwa na jambo moja ambalo watetezi wa fidia husahau: idadi ya noti za Reis ilijulikana na mtambo ulikuwa umeshasimama. Benki kuu inayotangaza kwamba italipia kila noti bandia inayoletwa na mtu mwema itakuwa imejigeuza mteja wa waghushi. Kwa sababu hiyo Mkataba wa Geneva wa tarehe 20 Aprili 1929, uliokuja kuwa msingi wa sheria za nchi nyingi, uliagiza fedha bandia zikamatwe na kutaifishwa, bila kumwekea fungu aliyezipokea kwa bahati mbaya. Hata jasusi hakupona. Elyesa Bazna, mtumishi wa balozi wa Uingereza mjini Ankara, aliwauzia Wajerumani siri za vita mwaka 1943 na 1944, akalipwa mamia ya maelfu ya pauni. Sehemu kubwa zilikuwa bandia, zilizotengenezwa na wafungwa wa kambi ya Sachsenhausen. Baada ya vita alidai fidia kwa serikali ya Ujerumani Magharibi, akaambulia patupu.

Pwani ya Afrika Mashariki ilichelewa kuonja tatizo hili, maana fedha yake ilikuwa ya chuma: reale za Maria Theresa, rupia, pesa za shaba. Noti za Benki ya Kijerumani ya Afrika Mashariki zilianza mwaka 1905. Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ilipofunga bahari, koloni hiyo ya Wajerumani ikalazimika kujichapishia noti hapahapa kwa karatasi yoyote iliyopatikana, na maofisa wakazisaini kwa mkono.

Leo anayesimama mahali pa yule muuza mikate ni wakala wa fedha za simu. Mteja analeta shilingi 10,000 taslimu, wakala anabonyeza, na kwa sekunde chache karatasi ya uongo imekuwa salio la kweli kwenye simu ya mtu ambaye hatamwona tena. Kenya kuna wale wa wash wash wanaowauzia watu karatasi nyeusi zinazodaiwa kusafishwa kwa dawa zikawa dola. Tarehe 1 Juni 2019, Gavana wa Benki Kuu ya Kenya, Patrick Njoroge, alipotangaza kwamba noti za zamani za shilingi 1,000 zitakoma tarehe 30 Septemba, noti bandia zilikuwa miongoni mwa sababu alizotaja. Noti zipatazo milioni 7.4 hazikurudi benki. Njia hiyo inafanana na ile ya Waingereza mwaka 1821, ya kuondoa noti badala ya kukimbizana na watu.

Fidia hakuna, basi kinga ni ya dirishani. Noti ya Kenya ya mwaka 2019 iinuliwe kwenye mwanga ili kichwa cha simba kionekane ndani ya karatasi, na ya Tanzania itafutwe sura ya Mwalimu Nyerere; wino wa noti halali huparuza kidogo ukipitisha kidole, na uzi wake umo ndani, haujabandikwa juu. Noti za benki zihesabiwe na kukaguliwa mbele ya keshia kabla ya kugeuka, kwa maana ukishatoka mlangoni neno lako halina shahidi. Wakala aandike namba za noti kubwa pamoja na jina la aliyeleta, na amalize kukagua kabla hajabonyeza.

Na kama imeshaingia kwenye droo? Usiirudishe sokoni. Hadi hapo wewe ndiye uliyetapeliwa. Ukimpa mwingine baada ya kujua, sheria ya Kenya na ya Tanzania inakuhesabu mhalifu, hata kama uliipokea kwa moyo safi. Itie kwenye bahasha isishikweshikwe, andika siku, saa na aliyekupa kwa kadiri unavyomkumbuka, uipeleke polisi au benki, na usiondoke bila stakabadhi yenye namba ya noti. Fedha hazitarudi, lakini karatasi hiyo ndogo itakuwa ushahidi kwamba uliileta mwenyewe.