Noti ya elfu moja na somo la usalama

Wasomaji wangu, leo tuache kompyuta kidogo tuzungumze juu ya noti. Lakini mtaona kwamba hatujaenda mbali.

Shilingi ya Kenya ilianza kutumika Septemba 1966, ikichukua nafasi ya shilingi ya Afrika Mashariki. Kwa miaka mingi noti zilibeba sura za marais. Kisha Katiba ya 2010, kifungu cha 231, ikakataza noti au sarafu kuwa na picha ya mtu binafsi. Ilichukua miaka tisa: noti mpya zilizinduliwa tarehe 1 Juni 2019, Madaraka Dei, kule Narok. Mbele zina jumba la KICC. Hata hivyo sanamu ya Mzee Jomo Kenyatta inaonekana kando ya jumba hilo, na kesi ikafika Mahakama Kuu. Septemba mwaka huohuo, mahakama ikaruhusu noti ziendelee.

Sasa usalama wenyewe. Sisi waandishi wa programu tunajua kwamba kufuli moja halitoshi. Noti nayo ina kufuli kadhaa. Papasa: neno KENYA na thamani ya noti vimechapwa vikainuka, na pembeni kuna mistari ya kumsaidia asiyeona. Inua kwenye mwanga: kichwa cha simba kinajitokeza ndani ya karatasi. Inamisha: uzi wa usalama unabadilika rangi. Mashine ya fotokopi inaweza kuiga picha, lakini hainakili mwinuko, wala rangi inayogeuka.

Kinachonivutia ni kwamba ukaguzi huu hauhitaji mtambo. Mama mboga anaufanya jioni kwa vidole vyake, na ni lazima aufanye, maana akipokea noti bandia hakuna atakayemrudishia. Hasara ni yake.

Lakini kufuli likishajulikana na wezi, hubadilishwa. Gavana Patrick Njoroge alitangaza kwamba noti ya zamani ya elfu moja ingekoma kutumika tarehe 1 Oktoba 2019, kwa sababu ya fedha haramu na noti bandia. Ni kama kufuta maneno yote ya siri ya zamani kwa siku moja. Kati ya noti milioni 217 hivi zilizokuwa mikononi mwa watu, zaidi ya milioni 7 hazikurudi. Shilingi bilioni 7.4 zikageuka karatasi.

Nyingine huenda zilikuwa za wezi walioogopa kuulizwa maswali benki. Lakini nafikiria pia akiba za wazee zilizofichwa chini ya godoro bila mtu kujua. Mfumo ulilindwa, na huenda asiye na hatia akafungiwa nje pamoja na mwizi.

Mwaka 2024 noti zikatolewa tena, zikiwa na uzi mpya, na safari hii zile za 2019 hazikufutwa. Kwa hivyo ukipewa elfu moja leo, usione haya. Papasa, inua, inamisha, ndipo utie mfukoni.