Bunduki ya Kasiba Mbili na Ziwa Letu

 Leo nataka kuwasimulia habari za bunduki. Si bunduki ya vita, bali ile ya kuwindia ndege, iitwayo bunduki ya marisau kwa sababu hutupa risasi nyingi ndogo, mfano wa punje za mtama. Pengine mtu ataniuliza: "Mwalimu, jambo hili latuhusu nini sisi watu wa Mwanza, wavuvi na wakulima wa pamba?" Naam, latuhusu, tena sana. Mzungu wa kwanza kuliona ziwa letu aliuawa na bunduki ya namna hiyo. Na sisi wenyewe tumepata kuishi na bunduki za kale darini mwetu pasipo kuzijua vema.

Nianze na habari ya nyumbani. Nilipokuwa mtoto, baba yangu mdogo alikuwa na gobori la kurithi, limetundikwa chini ya paa la nyasi. Sisi watoto tuliamini kuwa halina kitu ndani, maana hakuna aliyepata kulisikia likilia. Siku moja ndugu yangu alilishusha ili alifute vumbi, akauchezea mtambo. Mlio ulitikisa nyumba nzima, na paa likatoboka tundu kubwa kama ungo. Kwa rehema za Mungu hakuumia mtu. Baba mdogo hakutupiga. Alikaa kitako mlangoni, akasema kwa sauti ndogo, "Kosa ni langu. Nilirithi bunduki, sikurithi habari zake." Neno lile sijalisahau.

Basi, tuzitafute habari zake.

Bunduki zilizofika kwanza katika nchi hizi kwa misafara kutoka Unguja na Bagamoyo nyingi zilikuwa gumegume, yaani zile ambazo jiwe la kiberiti hupiga chuma, cheche zikawasha baruti. Ubaya wake ni kwamba cheche huonekana kabla ya risasi kutoka, na ndege huruka. Mchungaji mmoja wa Uskochi, jina lake Alexander Forsyth, mpenda kuwinda bata, alichoshwa na jambo hilo, akabuni namna ya kuwasha baruti kwa dawa ipasukayo ikigongwa. Hati yake ya uvumbuzi aliipata mwaka wa 1807. Kutoka wazo hilo zikatokea bunduki za fataki. Kisha mafundi wa Ulaya wakavumbua bunduki inayokunjwa katikati na kutiwa risasi kwa nyuma, badala ya kushindiliwa kwa mdomoni. Lefaucheux wa Paris alikuwa miongoni mwa wa kwanza, katika miaka ya 1830. Bunduki hiyo yaweza kufunguliwa, nawe ukatazama ndani ukajua kama ina kitu au haina. Gobori la baba mdogo halikuweza kufunguliwa hivyo. Mlishike neno hili, tutalirudia.

Sasa natuje kwa John Hanning Speke. Huyu alikuwa afisa wa jeshi la India, na alipenda kuwinda kuliko chakula. Alikuja pamoja na Richard Burton kutafuta maziwa ya bara. Burton akabaki Kaze, karibu na Tabora ya leo, hajiwezi kwa ugonjwa. Naye Speke akashika njia ya kaskazini akipita Usukuma, pamoja na Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyepata kuuzwa utumwani na kufikishwa India. Tarehe 3 Agosti 1858, akiwa juu ya kilima karibu na Mwanza, aliyaona maji haya yamekunjuka mbele yake. Wazee wetu waliyajua tangu zamani, waliyavua na kuyavuka kwa mitumbwi. Lakini Speke alisema moyoni mwake kwamba hapa ndipo chimbuko la mto Nile. Burton hakukubali, na urafiki wao ukavunjika.

Speke alirudi tena Afrika, na mwezi wa Februari 1862 alifika kwa Kabaka Mutesa wa Buganda, akampa bunduki miongoni mwa zawadi nyingi. Speke mwenyewe ameandika kuwa Kabaka alimpa mtumishi kijana bunduki iliyojaa, akamwamuru aende uani akampige mtu ili ijulikane kama yafanya kazi. Kijana akaenda, akarudi anacheka. Hakuna aliyeuliza ni nani aliyekufa. Hivi ndivyo bunduki ilivyojulishwa katika baraza lile: kama kitu cha kuchezea, nayo roho ya mtu ikawa ndiyo gharama ya mchezo.

Miaka miwili ikapita. Tarehe 16 Septemba 1864 Speke alitazamiwa kukutana na Burton katika mji wa Bath, Uingereza, mbele ya wataalamu, ili washindane kwa hoja juu ya chimbuko la Nile. Siku moja kabla, alasiri, alitoka na binamu yake kuwinda kware. Alikuwa na bunduki ya Lancaster, mmoja wa wafua bunduki wenye sifa kubwa mjini London, ya kasiba mbili, ya kutiwa risasi kwa nyuma. Ilikuwa bunduki nzuri, lakini haikuwa na kizuizi cha kuifunga isilie. Speke akapanda ukuta mfupi wa mawe na bunduki yake imejaa. Kasiba moja ikalia, marisau yakampiga ubavuni upande wa kushoto, karibu na moyo. Hakuishi hata nusu saa. Umri wake ulikuwa miaka 37. Wachunguzi waliamua kuwa ilikuwa ajali. Mtu aliyepona mikuki ya Berbera na homa za bara akafa shambani kwa jamaa zake, kwa kuwa hakuifungua bunduki kabla ya kupanda ukuta. Wala hakuiona siku aliyosadikiwa: mwaka wa 1875 Stanley alitoka Kageyi, karibu na Mwanza, kwa mashua yake, akalizunguka ziwa, ikadhihirika kuwa ni ziwa moja kubwa kama alivyosema Speke.

Baada ya wasafiri wakaja wafanya biashara. Charles Stokes, mtu wa Ireland, alikuja kwanza na misheni, akaiacha, akawa mwenye misafara ya pembe na bunduki, na watu wa Usukuma na Unyamwezi wakawa wapagazi wake. Mwaka wa 1888 Kabaka Mwanga alipoondolewa katika kiti chake alikimbilia kusini, akafika Magu, kisha akapokewa na mapadre wa Bukumbi. Mwaka wa 1889 alirudi kwao kwa chombo cha Stokes, na bunduki zikaenda pamoja naye. Mwaka wa 1890 mataifa yalipatana huko Brussels kuzuia silaha bora zisiingie katika sehemu kubwa ya Afrika; gumegume zikaachwa ziuzwe. Januari 1895 Stokes alinyongwa Kongo kwa amri ya afisa Mbelgiji, Lothaire, kwa shtaka la kuwauzia silaha adui za Serikali ile. Ajabu ni kwamba mji wa Liège, katika Ubelgiji hiyo hiyo, ulikuwa mmoja wa miji iliyofua bunduki nyingi za kuuzwa Afrika.

Na karibu na mji huo huo wa Liège ndipo ilipotoka bunduki ya marisau inayotafutwa sana na wapenda bunduki za kale. Bunduki ya Speke ilikuwa na kasiba mbili zilizolala ubavu kwa ubavu, kama ng'ombe wawili katika nira. Mafundi wengine waliona afadhali kasiba moja ikae juu ya mwenzake, ili jicho la mwindaji lifuate mstari mmoja mwembamba. Nyumba ya Boss mjini London ilitoa yake mwaka wa 1909, na Woodward mwaka wa 1913. Lakini hizo zilikuwa za matajiri. John Browning, Mmarekani, alitaka bunduki ya namna hiyo ambayo mtu wa kawaida aweza kuinunua. Alikufa kazini Herstal, karibu na Liège, mwaka wa 1926, kabla haijauzwa. Mwanawe Val akaendeleza kazi, na bunduki ikaingia sokoni mwaka wa 1931.

Mwenye kuzikusanya hatazami mng'ao tu. Hutazama kama namba za kasiba na za mwili wake zapatana, kama kitako ni kile cha asili, na kama chapa ya majaribio ya London, Birmingham au Liège ingali yasomeka, maana chapa hiyo huonyesha kuwa kasiba ilijaribiwa kwa baruti kali kabla ya kuuzwa. Tena hajaribu baruti ya kisasa katika kasiba ya zamani iliyosukwa kwa nyuzi za chuma, isije ikapasuka mkononi mwake. Wala haiweki pasipo kibali. Sheria ya Tanzania ya mwaka 2015 yataka kila silaha iandikishwe.

Lakini kwangu mimi, uzuri mkubwa wa bunduki hiyo ni huu: yakunjwa katikati, nawe ukiinua kuelekea mbinguni waona duara mbili za mwanga, moja juu ya nyingine. Mwanga ule ndio usalama. Speke angaliutazama kabla ya kupanda ukuta, angaliwahi Bath. Basi, mtu akikuachia urithi wa bunduki, au wa kitu cho chote chenye nguvu, usikitundike darini kwa fahari. Peleka kwa wenye kujua, uliza kilikotoka, na ukifungue uone mwanga.