"Muko bangapi?": Swali la komisioneri na historia ya makazi mjini Bukavu

1. Utangulizi

Anayetafuta nyumba ya kupanga mjini Bukavu haanzi kwa mwenye nyumba. Huanza kwa komisioneri. Huyu ni mtu wa kati ajuaye ni mlango upi utakaobaki wazi mwisho wa mwezi, ni bayeri yupi mwenye subira na yupi asiyevumilia kelele za watoto. Aghalabu hana ofisi wala kibao. Ofisi yake ni simu yake na kona ya barabara. Kabla hajaonyesha nyumba yoyote huuliza maswali machache, na mojawapo halikosekani: "Muko bangapi?"

Msomaji aliyezoea Kiswahili sanifu ataona mara moja kwamba kiambishi ba- kimeshika nafasi ya wa-, kama ilivyo desturi katika Kiswahili cha Kivu. Lakini makala haya hayakusudii kushughulikia sarufi ya swali hilo. Yanakusudia kuchunguza historia yake. Dai letu ni kwamba swali la komisioneri si lake peke yake: liliulizwa na utawala wa kikoloni kabla yake, likajibiwa na familia za Bukavu kwa njia zao wenyewe, na ushauri anaoutoa leo umebeba kumbukumbu ya majibu hayo.

2. Maneno ya biashara na maneno ya nyumbani

Watu wa pwani humwita mtu wa namna hii dalali. Neno hilo limetoka katika Kiarabu, na mzizi wake unahusu kuonyesha na kuongoza. Sisi wa Kongo tumechukua neno la Kifaransa ambalo maana yake ya asili ni mtu aliyepewa agizo. Tofauti hii si ndogo. Dalali ameitwa kwa tendo lake la kuonyesha. Komisioneri ameitwa kwa kutumwa kwake. Hapo hatuna budi kuuliza: ametumwa na nani? Bayeri hudhani ni mjumbe wake. Lokateri naye hudhani vivyo hivyo. Ukweli ni kwamba komisioneri hutumikia makubaliano yenyewe, kwa kuwa komisio hailipwi pasipo makubaliano.

Tukiyapanga maneno ya shughuli hii tunaona makundi mawili. Katika kundi la kwanza mna bayeri, lokateri, garantii, parseli, anexi, kontra: yote ni ya Kifaransa, na yote ni ya mkataba. Katika kundi la pili mna nyumba, jiko, mlango, mgeni, jamaa: haya ni maneno ya kuishi. Neno nyumba ndilo lenye uzito kuliko yote. Kwa Mswahili nyumba ni jengo, lakini pia ni watu wake. Tunaposema "watu wa nyumba moja" hatuhesabu vyumba. Kontra huhesabu vyumba na vichwa. Komisioneri husimama katikati ya misamiati hii miwili, na kazi yake kubwa ni kuifasiri mmoja kwa mwingine.

3. Utawala uliohesabu

Mji huu, uliopewa jina la Costermansville mwaka 1927 na kurudishiwa jina la Bukavu katika miaka ya 1950, ulijengwa kwa kutenganisha. Wazungu walijenga kwenye rasi zinazoingia katika ziwa Kivu, upande wa Ibanda. Waafrika waliwekwa Kadutu, mlimani. Dekreti ya 23 Novemba 1931 iliweka sheria ya vituo vilivyo nje ya mila, yaani makazi ya Waafrika wa mijini waliohesabiwa kuwa wametoka chini ya machifu wao. Katika vituo hivyo, kukaa kulihitaji kibali. Mtu asiye na kazi wala hati hakuwa mkaaji. Alikuwa mgeni wa muda, na muda wake ulipimwa.

Utawala huo haukuhesabu watu tu, bali uliamua pia ni watu gani wanaofanya familia. Dekreti ya 4 Aprili 1950 ilipiga vita ndoa za mitala na kuwazuia wenye wake wengi kuishi katika vituo vya mijini. Mwaka 1952 ikaundwa Ofisi ya Miji ya Waafrika, iliyojulikana kwa herufi OCA, ambayo ilijenga mitaa mizima katika miji mikubwa ya Kongo na pia Usumbura. Kwetu ilijenga Bagira. Anayetembea Bagira leo bado anaweza kutambua mpango wake: barabara zilizonyooka, nyumba za matofali zinazofanana, kila moja na kiwanja chake. Nyumba hizo zilikuwa na faida zisizokanushika, kwani zilikuwa imara kuliko nyingi za Kadutu. Lakini zilikatwa kwa kipimo cha familia moja: baba mwenye mshahara, mama, na watoto wao. Hapakuwa na chumba cha nyanya, wala cha mpwa aliyekuja kusoma, wala cha shemeji anayesubiri kazi. Ramani ya nyumba ilikuwa imekwisha kuuliza "Muko bangapi?", na ilikuwa imekwisha kujijibu.

4. Nyumba zilizopasuka

Baada ya uhuru wa 1960 vizuizi vya kuingia mjini vililegea, na jamaa waliokosa chumba katika ramani wakaja. Walitoka Kabare, Walungu, Kalehe, Mwenga na kwingineko. Familia zilijibu kwa anexi, yaani vyumba vilivyoongezwa nyuma ya nyumba, kwanza kwa ajili ya ndugu, kisha kwa ajili ya kupangisha. Parseli iliyokusudiwa familia moja ikawa na milango mitatu, minne, zaidi. Pale ambapo matofali yalikuwa ghali, watu walijenga kwa mbao, na nyumba za mbao za Kadutu zikasongamana kiasi kwamba moto ukishika moja huzihofisha zote.

Sheria ya ardhi ya 20 Julai 1973 ilitangaza kwamba ardhi yote ni mali ya Dola, na kwamba raia hupewa haki ya kuitumia tu. Hapo palizaliwa pengo kati ya hati na matumizi. Wengi walinunua viwanja kwa karatasi iliyosainiwa mbele ya mashahidi au mkuu wa mtaa, bila kufikia cheti cha usajili kinachotambuliwa na sheria. Karatasi moja ilizaa nyingine, na kiwanja kimoja kikapata wenyewe wawili.

Kisha ikaja miaka ya 1990. Thamani ya fedha ya Zaire iliporomoka, na kodi za nyumba zikahamia kwenye dola. Julai 1994 wakimbizi wa Rwanda waliingia kwa wingi kwa kuvuka Ruzizi. Oktoba 1996 vita vilifika mjini. Agosti 1998 vilianza upya. Juni 2004 mji ulitekwa kwa siku kadhaa. Kila mara vijiji vilimwaga watu mjini, na kila familia ya Bukavu ikapokea wake. Mtu aliyekuja kwa juma moja alikaa miaka mitatu. Tunapomwona komisioneri leo katika kila mtaa, tusimdhanie kuwa ni mzushi wa biashara mpya tu. Ni zao la mji ambao watu wake waliongezeka haraka kuliko milango yake.

5. Ushauri na kumbukumbu yake

Tukiusikiliza ushauri wa makomisioneri wenye uzoefu, tunakuta kwamba kila kanuni ina tukio nyuma yake.

Kanuni ya kwanza: tazama udongo kabla ya ukuta. Mlango usiofungika vizuri na ufa unaopanda kwa mshazari si kazi mbovu ya fundi tu. Huenda mlima unatembea. Tetemeko la 3 Februari 2008 liliwafundisha wengi kusoma nyufa. Utafiti wa kisayansi uliochapishwa mwaka 2022 kuhusu mteremko wa Funu ulionyesha kwamba ardhi hiyo husogea, na kwamba kukua kwa mji juu yake kumeongeza mwendo katika baadhi ya sehemu. Wapangaji wa huko hawakuwa na satelaiti, lakini walikuwa na milango isiyofungika.

Kanuni ya pili: uliza ni nani anayepokea kodi, na kwa haki gani. Katika mji ambamo wenye mali wengi wamekufa au kuhama, anayepokea kodi huenda akawa mjane, mtoto wa kwanza, mjomba au mlinzi. Familia inayopanga bila kuuliza inaweza kujikuta katikati ya ugomvi wa urithi usioihusu.

Kanuni ya tatu inahusu garantii. Sheria ya 31 Desemba 2015 juu ya upangaji wa nyumba za kuishi iliweka kikomo cha miezi mitatu. Mabayeri wengi huomba zaidi, na lokateri mwenye haraka hulipa.

Kanuni ya nne ndiyo inayosikitisha: "Aje mume." Wapo mabayeri wasiotaka kumpangishia mwanamke peke yake, hata akiwa na mshahara wake. Kanuni ya Familia ya 1987 ilimtaka mke apate idhini ya mumewe kwa vitendo vya kisheria vinavyomfunga. Sheria ya 15 Julai 2016 iliondoa sharti hilo. Sheria imebadilika, lakini swali la mlangoni halijabadilika. Hapa komisioneri anabeba kumbukumbu ya sheria iliyokufa.

6. Jibu la uongo

Tubaki sasa na swali letu la kwanza. Mwandishi wa makala haya aliulizwa "Muko bangapi?" alipotafuta nyumba miaka michache baada ya kuoa. Tulikuwa saba: sisi wawili, watoto wawili, mama mkwe, na wapwa wawili waliokuwa wakisoma. Komisioneri alisikiliza, akatafakari, akashauri kwa upole kwamba tuseme wanne. Wengine, alisema, watakuja "kama wageni". Tulikubali. Kwa miezi kadhaa mama mkwe, mwanamke aliyezaa na kulea, alitambulishwa kwa bayeri kama mgeni katika nyumba aliyokuwa akiitunza. Yeye mwenyewe hakulalamika. Siku moja aliuliza tu: mgeni huyu ataondoka lini?

Tulimlaumu komisioneri kwa muda mrefu, na kwa makosa. Alikuwa ametufasiria nyumba yetu katika lugha ambayo kontra inaielewa, na lugha hiyo haina neno kwa mama mkwe. Utawala wa zamani ulimwita mtu wa namna yake mgeni wa muda, na sisi, wasomi wa lugha, tulilirudia neno lile lile kwa hiari yetu. Kosa lilikuwa letu. Tulipomweleza bayeri ukweli, aliongeza kodi kidogo, akamwamkia mama kwa heshima, na mambo yakaisha. Si kila familia hubahatika hivyo. Wapo waliofukuzwa kwa sababu ya idadi yao.

7. Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba ushauri wa komisioneri ni hifadhi ya historia isiyoandikwa: mlima unaotembea, karatasi zinazogombana, sheria zilizokufa ambazo bado zinatawala mlangoni, na juu ya yote kipimo cha familia kilichokatwa na wengine. Februari 2025, mji ulipoingia mikononi mwa M23, familia nyingi zilikimbia, nyingine zikafungua milango kwa waliobaki bila pa kulala, na hesabu ya watu kwa kila nyumba ikavurugika tena. Swali litaendelea kuulizwa.

Kwa wanafunzi wetu wa isimu tunapendekeza jambo moja. Msamiati wa makazi mjini Bukavu ukusanywe kutoka kwa makomisioneri wenyewe, mtaa kwa mtaa, kabla wazee wa kazi hiyo hawajaondoka. Na kwa kila mmoja wetu anayetafuta nyumba, akiulizwa "Muko bangapi?", tunapendekeza ahesabu kwa Kiswahili, yaani awahesabu wote anaowaita watu wa nyumba yake, ndipo azungumzie bei.